Kete Moja Iliyopungua

Kila nikisimulia kwamba niliwahi kuwafundisha watoto wa Kifilipino mchezo wa Kifilipino, msikilizaji hucheka kwanza, kisha huuliza kama wenyewe walikuwa wamekwisha. Swali hilo ni la haki. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Tanga, na wakati huo nilikuwa Los Baños, mji mdogo wa mkoa wa Laguna, kusini ya Manila, uliokaa kati ya Mlima Makiling na ziwa kubwa la Laguna de Bay. Nilikuwa nimechukua likizo bila malipo ili kumfuata mke wangu, ambaye alikuwa masomoni. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, iliyoanzishwa mwaka 1960, ina makao yake katika mji huo, kwa hiyo Mwafrika anayebishana bei ya ndizi sokoni si kioja kwa mtu yeyote. Kioja ni Mwafrika aliyekaa kibarazani na bibi wa miaka 80, wakicheza sungka huku mmoja wao akifungwa vibaya, na hivyo ndivyo mwalimu mmoja wa jirani alivyonikuta.

Bibi huyo ndiye aliyetupangisha vyumba viwili vya uani. Sote tulimwita Lola, ambalo ndilo neno la Kitagalogi la bibi, naye alituita anak, yaani mwanangu. Sungka yake ilikuwa kipande cha mbao ngumu kilichochongwa mfano wa mtumbwi, chenye mashimo madogo 7 kila upande na shimo moja kubwa katika kila ncha. Yale madogo huitwa bahay, nyumba, na yale makubwa huitwa ulo, kichwa. Katika kila nyumba huwekwa sigay 7, ambazo ni kauri wadogo wa baharini, wale wale ambao kamusi zetu huwaita kete kabla ya kutuambia kwamba neno hilo ni la kitu chochote kinachochezewa bao.

Nyumba, kichwa, kete. Nilipoelezwa majina hayo siku ya kwanza nilijiona nimerudi barazani kwa babu yangu, mtu ambaye alinifundisha bao kabla sijajua kusoma na ambaye hakuwahi kuniachia nishinde hata mara moja kwa huruma. Bao letu lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Lina nyumba, lile shimo la mraba linaloanza na kete sita, lina kichwa na kimbi, yale mashimo ya mwishoni mwa safu, na kete yako ya mwisho ikianguka katika shimo tupu tunasema umelala. Sungka ina safu mbili tu, lakini kete zake ni 98, na ya mwisho ikianguka katika nyumba tupu upande wa mwenzako, wao husema patay, umekufa. Kati ya kulala na kufa kuna Bahari ya Hindi nzima na ushei, na njiani wapo Wamaldivi wenye ohvalhu yao na Wamalei wenye congkak yao, jina ambalo halihitaji mtaalamu wa lugha kulitambua kuwa ni ndugu wa sungka.

Undugu huo haukunisaidia kitu mbele ya Lola. Katika sungka kila mchezaji ana kichwa chake mkono wa kushoto, na kete hugawiwa moja moja kuelekea huko, zikapita kichwani, zikaendelea katika nyumba za mwenzako, zikaruka kichwa chake na kurudi kwako. Mtu aliyezoea bao, ambaye husambaza kete kulia au kushoto kadiri mchezo unavyotaka, hujiona amefungwa mkono mmoja. Lola aliniambia nianze na nyumba ya kulia kabisa, iliyo mbali kuliko zote na kichwa changu. Mwanzo wa mchezo wachezaji wote wawili hugawa kwa pamoja, bila kupeana zamu, kwa hiyo nilikuwa nikimtazama kwa jicho moja. Kete yake ya mwisho iliingia kichwani, naye akajipatia haki ya kugawa tena, na tena. Yangu iliishia nyumba moja kabla ya kichwa. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na siku ya tatu. Nilikilaumu kiganja changu, nikadhani kilikuwa kikidondosha kete mbili mahali pa moja. Kuhesabu sikuhesabu, maana mgeni anayehesabu kete za mwenyeji ameshamtuhumu.

Mwalimu wa jirani alikuwa na darasa la tano lenye wanafunzi 42, na mwezi wa Agosti ulikuwa umekaribia. Nchini Ufilipino Agosti ni Buwan ng Wika, Mwezi wa Lugha ya Taifa, ambao shule huadhimisha kwa mashairi, nyimbo, mavazi ya kale na michezo ya jadi, ile wanayoiita laro ng lahi. Mpango wake ulikuwa patintero: unachora mistari uwanjani kama madirisha ya nyumba, timu moja inalinda mistari, nyingine inajaribu kupenya hadi mwisho na kurudi bila kuguswa. Ni mchezo mzuri wa darasa kwa sababu unameza watoto wengi kwa wakati mmoja. Lakini Agosti pia ni mwezi wa habagat, upepo wa kusini-magharibi unaoleta mvua, kama vile sisi tulivyo na kusi yetu na wao walivyo na amihan mahali petu pa kaskazi, na wiki hiyo uwanja ulikuwa dimbwi. Tumbang preso, ambao hurushwa kandambili kuangusha kopo, nao ulihitaji uwanja. Ndipo aliponiambia, kwa uso usio na mzaha, kwamba yeye hajagusa sungka tangu alipokuwa binti mdogo, kwamba wanafunzi wake wanaijua kwa picha za vitabuni, na kwamba mtu pekee aliyemwona akiicheza mwaka huo ni mimi.

Nilikubali, na kosa langu la kwanza nililifanya usiku ule ule. Niliandika kanuni za sungka katika ukurasa mmoja, kwa Kiingereza na kwa Kitagalogi alichonisahihishia mke wangu, nikatoa kopi 42. Nilikuwa nimejipanga kama mtu anayekwenda kufundisha hesabu za sehemu: lengo la somo, zana, hatua, tathmini.

Lola aliniazima ubao wake na kete zake ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa uzi, akaongeza sharti moja, kwamba usichezwe ndani ya nyumba, kwa sababu nyumba inayochezewa sungka ndani huungua. Niliitikia kwa adabu na kulisahau sharti hilo kabla ya kupanda jipini, lile gari refu la abiria ambalo ni daladala yao. Kituoni nilipokelewa na mvulana mmoja mwembamba aliyeomba abebe mfuko wa kete, nami nikamkabidhi.

Mwalimu aliingia kwanza na kuita, "Mga bata!" Lazima niseme kwamba bata kwa Kitagalogi ni mtoto, na kwamba hata baada ya miezi sita masikio yangu yalikuwa bado hayajakubali. Kila asubuhi mtu akiwaita watoto, mimi niliona bata wakijitokeza kutoka bwawani. Siku hiyo, kwa jinsi walivyokuwa wamelowa mvua, ufananisho haukuwa mbali.

Niligawa karatasi zangu. Darasa likasoma kwa utulivu ambao mwalimu yeyote mzoefu huujua na kuuogopa, utulivu wa watoto wenye heshima wanaosubiri jambo likwishe. Nikamwita msichana wa mstari wa mbele ajaze nyumba kete saba saba huku wengine wakihesabu kwa sauti: isa, dalawa, tatlo, apat, lima, anim, pito. Nyumba 13 zilijaa. Ya 14 ikapata sita. Akaugeuza mfuko nje ndani, akautikisa, kisha akanitazama. "Sir, kulang po ng isa." Imepungua moja.

Macho yote 42, au tuseme 41, yakamgeukia mvulana mwembamba.

Tulifagia darasa. Tuliangalia chini ya madawati, ndani ya viatu, kando ya mfereji wa maji ya mvua, na mtoto mmoja alitumwa kituoni amuulize dereva. Mvulana hakulia, lakini alisema mara nyingi, kwa sauti iliyokuwa ikizidi kupungua, kwamba mfuko ulikuwa umefungwa na hakuufungua. Nilimwamini, kwa kuwa fundo la Lola lilikuwa pale pale nilipoufungua mwenyewe mezani. Hata hivyo darasa lilikuwa limekwisha kutoa hukumu, na mimi nilikuwa na kete 97 za bibi wa watu. Niliweka kokoto mahali pa kete iliyokosekana, nikasema tuendelee, na hapo msichana mwingine akainua mkono na kuuliza kama tunaruhusiwa kucheza humu ndani, maana bibi yake amesema nyumba itaungua.

Nusu ya darasa ilikuwa imesikia habari hiyo nyumbani. Mwalimu mwenzangu alitabasamu bila kusema kitu, na nilivyomwelewa, alikuwa ananiachia mgeni niamue kama shule ya serikali itaungua au haitaungua. Nikatazama nje. Darasa lilikuwa na kibaraza kirefu chenye paa, mvua ikianguka pembeni kama pazia. Nikawaambia tutoke, tukae chini huko. Karatasi zangu 42 zilibaki juu ya madawati, na sikuzitumia tena mpaka zilipopata kazi nyingine, ya kufungia mbegu.

Kibarazani hapakuwa na meza, na watoto 42 hawawezi kuona ubao mmoja uliowekwa sakafuni. Nikawaketisha watoto 14 katika safu mbili zinazotazamana, kila mmoja amekinga viganja vyenye kokoto 7, wakawa nyumba. Wawili walikaa katika ncha na makopo matupu, wakawa vichwa. Wachezaji walitembea katikati wakigawa. Sikuwahi kupata njia bora ya kufundisha mchezo wa namna hii, kwa sababu nyumba iliyo hai hailali. Ukiiruka inapiga kelele. Ukiitilia mbili mahali pa moja inakushtaki kwa neno ambalo nilijifunza asubuhi ile na sitalisahau, madaya, mdanganyifu! Nami nilipoonyesha mwanzo wa mchezo, nikigawa kokoto za nyumba ya kulia kabisa huku watoto wote wakinikodolea, hakuna aliyenishtaki, na kokoto ya saba ilidondoka koponi kwa mlio. Nilishangaa jinsi mkono wangu ulivyotulia siku hiyo.

Kutengeneza mbao za kila jozi kulichukua siku mbili, na ilikuwa kazi ya hesabu kuliko ya mikono. Trei ya mayai ya kawaida, ile ya karatasi ya kijivu, ina vikombe 30, safu tano za vikombe sita. Sungka inataka safu mbili za saba. Darasa liligawanyika kati ya waliotaka tucheze kwa sita na waliosema sungka ya sita ni kitu kingine, mpaka mtoto mmoja alipoikata trei yake vipande viwili vya safu mbili mbili, akabakiwa na safu moja ya vikombe sita, akaikata safu hiyo vipande vya viwili viwili na kubandika kimoja kwa gundi mwisho wa kila kipande kikubwa. Mbao mbili kamili zilitoka katika trei moja, na vikombe viwili vikabaki bila kazi. Trei 11 zilitosha jozi zote 21 na ubao mmoja wa akiba. Vichwa tulivitengeneza kwa vifuu vya nazi, ambavyo Laguna havinunuliwi, na kete kwa mbegu za ukwaju, kokoto na punje kavu za mahindi. Kete 98 mara jozi 21 ni 2,058. Walizihesabu wenyewe, wakazifunga kumi kumi katika karatasi zangu za kanuni.

Kisha ukaja ugomvi, na hapo ndipo somo lilipoanza.

Nilikuwa nimewaambia waulize nyumbani. Walirudi na habari za bibi 30 na zaidi. Wote walikubaliana kwamba kete ya mwisho ikiingia kichwani mwako unagawa tena, kwamba ikianguka penye kete unazichukua zote na kuendelea, kwamba ikianguka patupu upande wa mwenzako umekufa, na kwamba ikianguka patupu upande wako unakula zilizo mkabala, jambo wanaloliita subi. Zaidi ya hapo hapakuwa na maafikiano. Je, ukila subi, kete yako iliyokuletea bahati hiyo nayo inakwenda kichwani au inabaki? Je, mnaanza pamoja au mnaamua kwa jak en poy, ule mchezo wa ngumi, karatasi na mkasi? Katika mzunguko wa pili, aliyeshindwa hujaza nyumba zake kwa kete alizonazo, na nyumba asiyoweza kuijaza huitwa sunog, iliyoungua, ambayo haigawiwi kete tena. Je, ni yeye anayechagua nyumba ipi iungue, au ni mshindi? Mtoto mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Aklan katika kisiwa cha Panay, alisema kwao mchezo wenyewe hauitwi sungka, unaitwa kunggit. Wenzake walimcheka. Nilikuwa nimesoma kidogo, nikawaambia kwamba padri Mjesuiti aliyeitwa José Sánchez aliliandika jina hilo katika kamusi yake ya lugha ya Kibisaya mwaka 1692, na kwamba alieleza hata ubao wenye umbo la mtumbwi na kete za simbi. Kicheko kikaisha. Mtoto wa Aklan alikaa wima siku nzima.

Mwalimu yeyote aliyelelewa na mitihani kama mimi huona mabishano ya kanuni kuwa ni ajali ya somo, na silika yake ni kuchukua chaki na kuandika jibu sahihi. Nilikwisha kuishika chaki. Kilichonizuia ni maneno ambayo kila mtoto alianza nayo: "Sa amin po." Sa amin ni kwetu, na po ni kineno cha heshima ambacho Mfilipino hukitia katika sentensi anaposema na mkubwa, jamaa wa karibu wa shikamoo yetu, isipokuwa hakitangulii mazungumzo bali hunyunyizwa ndani yake. Kwetu, shikamoo, subi inachukua zote. Kwetu, shikamoo, mshindi ndiye anayechoma nyumba. Kila kanuni ilikuwa imebeba mtu nyuma yake, bibi fulani na kibaraza chake. Nikimwambia mtoto kwamba kanuni yake si sahihi, nitakuwa nimemwambia nini kuhusu bibi huyo? Na kwa mamlaka gani, mtu wa Tanga?

Basi niliandika ubaoni yale manne tuliyokubaliana, na chini yake nikaandika Sa amin, nikaacha wazi. Kila jozi ilitakiwa kupatana kabla ya kete ya kwanza kugawiwa, na asiyepatana hachezi. Nilidhani watamaliza kwa dakika mbili. Jozi moja ilitumia kipindi chote kupatana na haikucheza kabisa, na nikisema kweli, wale wawili walikuwa na hoja nzito kuliko mawakili wengi niliowasikia. Jozi nyingine zilibadilishana: mchezo wa kwanza kwa kanuni za kwenu, wa pili kwa za kwetu. Nakumbuka nilivyofundishwa bao; babu hakunipa kanuni, alinipa kofi dogo la mkono kila nilipokosea, na nilipokwenda kucheza kwa mjomba Pangani nikakuta makofi yanaangukia mahali pengine.

Siku zilizofuata nilikuwa mtazamaji zaidi. Yapo waliyoyavumbua kwa hesabu ya macho, bila mimi kusema neno. Waliona mapema kwamba nyumba ya kulia kabisa, ikiwa na saba, lazima ifike kichwani: nyumba sita za mbele na kichwa ni saba. Waliona kwamba nyumba yenye kete 15 huzunguka mtumbwi mzima, nyumba 14 na kichwa chako, na kurudi kuishia mlangoni mwake, mahali palipoachwa patupu, kwa hiyo hula subi nono. Msichana mmoja alikuwa akiilea nyumba kwa makusudi, akipitisha kete bila kuigusa, mpaka ifike 15, na mwenzake alipogundua akaanza kuivunja kila inapofika 12. Mvulana mmoja ambaye mwalimu wake aliniambia hajui hesabu, na ambaye muda wote wa mapumziko alikuwa akicheza vita vya simu, alikuwa anajua kete yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajainua mkono. Sikutangaza jambo hilo mbele ya wenzake, wala sikuliweka katika tathmini. Nilihofu kwamba siku nitakapoligeuza kuwa zoezi la hesabu, atakuwa hajui tena.

Yule mvulana mwembamba wa mfuko wa kete alikuwa akicheza pembeni, kwa kanuni za yeyote aliyekubali kukaa naye. Asubuhi ya Alhamisi alinijia kabla ya kengele na kunipa kitu kilichofungwa katika karatasi ya daftari. Ilikuwa sigay, kubwa kidogo kuliko za Lola, yenye tundu dogo mgongoni. Mkufu wa mama, alisema, ule wa kununua ufukweni, mama ameridhia. Nilitaka kumrudishia, lakini nilivyomwona alivyosimama nikaona kwamba kuikataa kungekuwa ni kumwambia bado namshuku. Nikaipokea kwa mikono miwili. Mbele ya darasa zima msichana yule yule wa kwanza alizijaza nyumba za ubao wa Lola, na ya 14 ikapata saba, na watoto wakapiga makofi, wengine, nadhani, kwa aibu.

Ijumaa jioni nilirudisha ubao. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa Kitagalogi, na nilikuwa nimeisoma hotuba yangu kwa mke wangu mara mbili. Lola hakunipa nafasi. Aliumimina mfuko mapajani, akapitisha kidole kati ya kete kama mtu anayechambua mchele, na bila kuhesabu akaichomoa ile yenye tundu.

"Hii ya nani, anak?"

Nilimweleza yote, mfuko, dereva, mfereji, mkufu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniwekea kete ile kiganjani na kukifunga kiganja changu kwa mkono wake. Mrudishie mtoto, alisema. Kete zake ni 97. Zimekuwa 97 tangu wanawe wakiwa wadogo, mmoja wao alipoimeza ya 98 na haikuonekana tena. Nikamuuliza, sasa mchezo unachezwaje? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza wapi. Nyumba moja huanza na sita, alisema, nayo ni ya kulia kabisa, upande wa mgeni.

Nilikaa kimya kidogo nikipiga hesabu. Sita za nyumba ya mwisho hufika nyumba iliyo mlangoni mwa kichwa, na haziingii kichwani. Mara tatu nilikuwa nimelaumu mkono wangu.

"Na wageni hawasemi kitu?"

Wengi hawahesabu, alijibu, kwa upole kabisa, akaanza kuzipanga kete.

Jumatatu nilimrudishia mvulana sigay yake mbele ya wenzake na kueleza, neno kwa neno, kesi ilivyokwisha. Darasa lililipuka. Alichosema yeye ni "Sabi ko sa inyo," niliwaambia, mara moja tu, kisha akaivaa kete shingoni kwa uzi wa kiatu. Walionijia na radhi walimwendea yeye kwanza, mmoja mmoja, na jozi mbili ziligombea kukaa naye.

Wiki hiyo ya mwisho wa Agosti wakaguzi wa maonyesho walipita darasa kwa darasa, na mwalimu mmoja wa darasa la nne, mwanamke mchangamfu aliyesema hajacheza sungka kwa miaka 30, aliketi kibarazani kucheza na msichana wa mstari wa mbele. Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Msichana alijaza nyumba zake saba saba, akajaza za mwalimu, na alipofika ile ya kulia kabisa upande wa mgeni, akachukua mbegu moja ya ukwaju kwa ncha ya vidole na kuitia mfukoni mwa sare yake. Mwalimu aliiona.

"Mbona umepunguza?"

Msichana alinitupia jicho mara moja, kisha akamgeukia mgeni wake kwa heshima zote.

"Sa amin po," alisema.